Uhai wa Kifaa Umo Kitabuni

Wahenga hawakukosea waliponena: usiache mbachao kwa msala upitao. Aghalabu kifaa cha kale cha kupimia umeme kikikoma kufanya kazi hutupwa stoo kusubiri mnada, na kipya kuagizwa kwa gharama kubwa. Makala haya yanashikilia kwamba vifaa hivyo vina funzo, na kwamba funzo lenyewe linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kuliko anavyodhani.

Tuchukue mfano wa osiloskopu, yaani chombo kinachochora kiooni mawimbi ya umeme yasiyoonekana kwa macho. Kampuni ya Tektronix, iliyoasisiwa mwaka wa 1946 katika jimbo la Oregon, Marekani, ilitoa osiloskopu ya 465 mwaka wa 1972. Hadi leo zipo zinazofanya kazi. Si kwamba haziharibiki. Kapasita zake huzeeka, nyingine hukauka na nyingine hupiga shoti. Hata hivyo, fundi huitafuta iliyokufa, akaing'oa na kulehemu nyingine ya bei nafuu.

Je, huijuaje iliyokufa? Jibu limo kitabuni. Chombo hicho kiliandikiwa kitabu cha ukarabati chenye maelezo ya utendaji wa kila sehemu, michoro kamili ya saketi, volti zinazotarajiwa na hatua za kurekebisha vipimo. Katika baadhi ya osiloskopu za kampuni hiyo za miaka ya 1950 na 1960, ndani ya kifaa mliwekwa hata kibunda kidogo cha waya wa kulehemu wenye madini ya fedha, kwa kuwa waya wa kawaida ungeharibu vishikizo vyake vya kauri. Muundaji alijua kwamba kazi yake ingeharibika siku moja, akamwandalia fundi asiyemjua.

Wapo watakaosema kwamba vifaa vipya ni vyepesi na huhifadhi vipimo. Ni kweli. Lakini vingi huuzwa bila michoro ya saketi, na kisichoelezwa hakitengenezeki.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Bomba la kioo la osiloskopu ya kale hutumia maelfu ya volti, na chaji yaweza kubaki hata baada ya kifaa kuzimwa. Onyo kama hilo ni suala la uhai na mauti, nalo halifai kumfikia mwanagenzi katika lugha anayoielewa nusunusu. Istilahi si ngeni: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini orodha ya istilahi haimwongozi mtu kufungua kifaa, kama vile orodha ya viungo isivyopika pilau. Kinachohitajika ni nathari ya maelezo: sentensi zinazomshika fundi mkono kutoka hatua hadi hatua.

Basi wanafunzi wa Kiswahili wasijifungie katika riwaya na ushairi pekee. Waketi na mafundi, wasikilize wanavyoviita vifaa na hitilafu zake, kisha waandike. Kifaa kisicho na kitabu hufa na fundi wake. Chenye kitabu humpata fundi mwingine.