Mshangao Wetu Ulizidi Kura Zetu



Tunaelekea Agosti 10, 2027 na maneno ni yale yale. Ukikaa maskani, ukiingia magrupu ya WhatsApp, hata ukisimama nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, utamsikia mtu: "Kura ya nini? Si wenyewe washajua nani atashinda." Ukimuuliza ushahidi, atakutajia Agosti 2022. Basi wacha turudi huko huko 2022, lakini safari hii twende na hesabu, tuache hasira kando kidogo.

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Marehemu Raila Odinga alikuwa anaungwa mkono na rais aliyekuwa madarakani. Kura za maoni za mwisho za Ipsos na za TIFA zote zilimweka mbele. Watu wakasema sistimu iko naye, kwa hivyo imeisha hiyo. Kisha Jumatatu ya Agosti 15, pale Bomas, marehemu Wafula Chebukati akasoma: William Ruto kura 7,176,141, asilimia 50.49. Raila Odinga kura 6,942,930, asilimia 48.85. Tofauti yao, kura 233,211.

Nchi ikapasuka mara mbili papo hapo. Eldoret watu wanacheza barabarani, Kisumu na Kibera matairi yanawaka. Pale Bomas penyewe watu walikuwa washapigana ngumi hata kabla matokeo hayajasomwa. Makamishna wanne kati ya saba wakaenda kuita waandishi wa habari hoteli nyingine wakasema hayo matokeo hawayatambui. Na afisa aliyesimamia uchaguzi Embakasi Mashariki, ambaye alikuwa ametoweka kazini siku chache kabla, mwili wake ukapatikana. Kwa hivyo tukizungumzia mshangao wa uchaguzi, hatuzungumzii kelele za mitandaoni tu. Kenya hii hii ilizika watu zaidi ya elfu moja baada ya uchaguzi wa 2007.

Nataka tuangalie mambo matatu watu waliyoyafanya wiki ile, kwa sababu yote matatu naona yanajipanga tena.

La kwanza, tulisambaza kabla ya kuhesabu.

Siku ya pili yake wale makamishna wanne walitoa hoja. Walisema ukijumlisha asilimia za wagombea wote unapata 100.01, na hiyo 0.01 iliyozidi ni kama kura 142,000. Ile video ilisambaa kama moto wa makuti. Kila grupu ilifika, na chini yake watu wanaandika "wamenaswa!"

Sasa toa simu yako. Kura halali zilikuwa kama milioni 14.2. Asilimia moja ya hizo ni 142,000. Asilimia 0.01 ni kura 1,420 hivi. Hata hizo 1,420 hazikuwepo, kwa sababu asilimia za wagombea wote wanne, yaani Ruto 50.49, Raila 48.85, Wajackoyah 0.44 na Mwaure 0.23, zilikuwa zimesogezwa juu kidogo ili zibaki tarakimu mbili baada ya nukta. Ukizijumlisha baada ya kuzisogeza, lazima zipite mia. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi.

Sisemi haya kuthibitisha kwamba uchaguzi ule ulikuwa msafi kama maji ya zamzam. Mwenye malalamiko alikuwa na haki ya kulalamika. Nasema kwamba simu iliyotumika kusambaza ile video ilikuwa na kikokotozi ndani yake, na wengi hawakukifungua. Sisi ni watu tulioamrishwa tukiletewa habari tuihakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Amri hiyo haina likizo msimu wa siasa. Huo ndio msimu inapohitajika zaidi, maana habari ya uongo siku ile inaweza kumfanya jirani amchomee jirani yake duka.

La pili, tuliipenda mahakama kwa zamu.

Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika kwa mahakama kufuta ushindi wa rais aliyeko madarakani. Upande mmoja ukasema majaji ni mashujaa, upande wa pili ukawatukana. Septemba 5, 2022, majaji wote saba, wakiongozwa na Jaji Mkuu Martha Koome, wakatupilia mbali kesi ya kupinga ushindi wa Ruto. Waliosifu 2017 wakatukana. Waliotukana 2017 wakasifu. Mahakama ilibaki ile ile, ila waliofurahi walibadilishana viti.

Kwetu sisi tunajua kadhi hawi mwadilifu siku ile tu akikupa wewe. Ukimwita dhalimu kwa sababu umeshindwa, inabidi ulete hoja nyingine zaidi ya kushindwa.

Na wale walioshinda wasijione wametoka bila doa. Kila aliyeuliza swali aliambiwa "Mungu ameshachagua, kubali tusonge mbele." Jamani. Kila kitu kiko kwa kadari ya Allah, lakini kuuliza fomu ilijazwaje si kupinga kadari. Kumtumia Mola kama pazia la kuzuia maswali ni tabia mbaya, awe anayefanya ni mchungaji, shekhe au mwanasiasa. Katiba imempa kila mwananchi nafasi ya kwenda mahakamani ndani ya siku saba baada ya rais kutangazwa. Kuitumia nafasi hiyo ni haki, si fujo.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma, tulishangaa bila ya kuwepo.

Sikilizeni vizuri. Mombasa ilikuwa na wapiga kura 641,913 walioandikishwa. Waliojitokeza hawakufika nusu. Fanya hesabu: waliobaki nyumbani Mombasa peke yake ni zaidi ya laki tatu na ishirini. Tofauti ya Ruto na Raila nchi nzima ilikuwa 233,211.

Rudia kusoma hapo. Kaunti moja, yetu hii, iliyokaa kwenye vibaraza siku ya kura, ilikuwa na watu wengi kuliko tofauti iliyoamua nani awe rais wa Kenya.

Na kuna hesabu nyingine ambayo watu hawaitaji. Rais lazima apite nusu ya kura zote halali. Ruto alipita nusu kwa kura kama elfu sabini tu. Hizo zingehamia kwa wapinzani wake, tungerudi kwenye duru ya pili. Elfu sabini! Hao hawajazi hata robo ya wale waliokaa nyumbani Mombasa.

Sisemi wangempigia nani. Hilo silijui na si kazi yangu. Huenda wangempigia Raila, huenda Ruto, huenda wangegawanyika na matokeo yakabaki vile vile. Ninachosema ni kwamba usiku wa Agosti 15 watu walipiga kelele "wametuibia," na wengi wao kidole chao hakikuwa na wino. Ukiibiwa, lazima kwanza uwe ulikuwa na kitu mfukoni.

Najua jibu litakalokuja. Wengine watasema uchaguzi wa gavana Mombasa uliahirishwa siku moja kabla, kwa makosa ya karatasi za kura, ukapelekwa Agosti 29, kwa hivyo hamu iliisha. Ni kweli, na lawama hiyo ni ya tume. Lakini hiyo haielezi kila kitu. Nchi nzima waliojitokeza walikuwa asilimia 65 hivi, wakati 2017 walikaribia 80. Na vijana wa chini ya miaka 35 walioandikishwa walipungua kwa zaidi ya asilimia 5 ukilinganisha na 2017, ilhali kila mwaka maelfu wanatimiza miaka 18. Kwa hivyo kuna kitu kilivunjika kabla ya Agosti.

Kilichovunjika mimi nakijua na nyinyi mnakijua. Kijana wa Kiislamu wa Garissa au Mandera alikuwa anazungushwa kwa maswali ya babu wa babu yake ndipo apate kitambulisho. Kijana wa Majengo au Kisauni anajua rafiki aliyechukuliwa na gari lisilo na namba na hajaonekana tena. Familia za Pwani zina mashamba wameishi miaka sitini bila hati. Serikali zimekuja na kwenda, na wanasiasa wetu wenyewe, majina kama yetu, kanzu kama zetu, wamekula na kila moja. Mtu akisema "kura haijanisaidia," simwiti mjinga. Ana ushahidi wake.

Ila nauliza: kukaa nyumbani kumesaidia lipi? Mwanasiasa akipanga kampeni anafungua daftari la wapiga kura. Anaangalia wadi gani inajitokeza na wadi gani inalala. Wadi inayolala hapelekewi barabara, inapelekewa fulana na leso wiki ya mwisho. Yeye hahesabu manung'uniko yako, kwa sababu hayaingii kwenye sanduku.

Wengine watasema, sisi tulionyesha nguvu zetu barabarani, Juni 2024. Kweli mlionyesha. Vijana wa nchi hii walisoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama zao, na siku moja baada ya Juni 25 rais akakataa kuutia saini. Wengine walilipa kwa roho zao, Mungu awarehemu. Lakini barabara inazuia sheria mbaya. Anayeandika sheria inayofuata anatoka kwenye sanduku la kura.

Na mkitaka kujua kukosa kura ni nini, waulizeni watu wa Banissa, Mandera. Mbunge wao alifariki Machi 2023. Wakati huo tume haikuwa na makamishna, na makamishna wapya waliapishwa Julai 2025. Uchaguzi mdogo ukafanyika Novemba 27, 2025. Zaidi ya miaka miwili na nusu watu wa Banissa hawana mtu bungeni. Mswada wa fedha wa 2024 ulipopigiwa kura, kiti chao kilikuwa tupu. Wao hawakususia. Walinyimwa. Sisi tunapewa halafu tunaacha kwa hiari yetu.

Basi tufanye nini? Sitaki tumalize kwa kulia. Haya ni mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wa kijana mwenye nauli ya matatu.

1. Kitambulisho. Kama umetimiza miaka 18 na huna, anza wiki hii. Ukizungushwa ofisini, andika tarehe, andika ulichoambiwa, utuletee. Usirudi nyumbani kimya.

2. Uandikishaji. Tume ilifungua tena uandikishaji wa kuendelea Septemba 29, 2025. Usingoje siku za mwisho ukapange foleni kuanzia alfajiri. Nenda na mwenzako. Dada zetu, nendeni pamoja, msiachiwe kaka zenu peke yao.

3. Fomu 34A. Kura hailindwi Bomas, inalindwa kituoni. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2017, hesabu ya kituoni ndiyo ya mwisho, na hakuna mkubwa wa kuibadilisha Nairobi. Wakala wa kila mgombea anapewa nakala, na nyingine inabandikwa mlangoni. 2022 kulikuwa na vituo 46,229, na fomu zake zikawekwa kwenye mtandao wa tume kila mtu azione. Chukua picha ya fomu ya kituo chako, kisha linganisha na iliyo mtandaoni. Zikitofautiana, una ushahidi unaoweza kusimama mbele ya jaji. Zikilingana, una utulivu wa moyo hata kama uliyemtaka ameshindwa.

4. Mkono kwenye simu. Usiku wa matokeo, kabla ya kusambaza, jiulize: nani amesema, ameiona wapi, na nikikosea nani ataumia? Kama huna majibu, funga simu ulale, au amka uswali rakaa mbili.

Vijana wenzangu, demokrasia ina ahadi moja ndogo: kwamba hakuna anayejua matokeo kabla kura hazijahesabiwa. Nchi ambayo haishangai kamwe baada ya uchaguzi inatawaliwa na mtu mmoja. Kwa hivyo mwaka 2027 kuna watu watashangaa, na mimi siogopi hilo. Ninachoogopa ni kijana wa Old Town, wa Eastleigh, wa Isiolo, wa Lamu, atakayeshangaa akiwa mtazamaji, na matokeo mkononi mwake ni ya kwenye skrini tu.

Daftari liko wazi, na jina lako hakuna wa kukuandikia.

Wabillahi tawfiq.