Mgeni na Aje, Lakini Mwenyeji Apone

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha mgogoro wa kisiwa cha Komodo nchini Indonesia, na yafaa itafakariwe na kila mtumishi wa umma ambaye kalamu yake hugusa maisha ya wanakijiji.

Msafiri atokaye Bali kuelekea mashariki hupita katika visiwa ambavyo sifa zake hazihitaji kutiwa chumvi. Lombok kina mlima Rinjani, volkano hai yenye urefu wa mita 3,726, na ziwa ndani ya kasoko yake. Mbele zaidi, baada ya Sumbawa, ndipo kilipo Komodo, makazi ya kenge wakubwa kuliko wote duniani. Kenge hao hufikia urefu wa mita tatu, na huweza kuangusha kulungu na hata nyati. Serikali ya Indonesia ilianzisha hifadhi ya taifa huko mwaka 1980. Hata hivyo, hifadhi hiyo haikuanzishwa katika nchi tupu. Watu wa Komodo walikuwapo tayari, na katika masimulizi yao kenge na binadamu ni ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 2019 uongozi wa jimbo ulitangaza mpango wa kukifunga kisiwa hicho kwa wageni na kuwahamisha wakazi wake wapatao 2,000. Wakazi walikataa, na serikali kuu ikaufuta mpango huo mwaka huo huo. Mwaka 2022 ukaja mwingine, wa kupandisha kiingilio hadi rupia 3,750,000. Mwezi Agosti wafanyakazi wa utalii wa Labuan Bajo, bandari ambako wageni hupandia mashua, waligoma kwa kuhofia riziki yao. Kabla ya mwaka kwisha, mpango huo nao ukafutwa.

Wapo wasemao kwamba mnyama hana msemaji, ilhali binadamu ana mdomo wake. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mwaka 2021 kenge wa Komodo aliingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Lakini hatari iliyosisitizwa na wataalamu ilikuwa kuongezeka kwa joto la dunia na kupanda kwa kina cha bahari. Kumhamisha mvuvi na mtumbwi wake hakutaizuia bahari isipande.

Tena mwenyeji ndiye abebaye mzigo wa utalii. Tarehe 29 Julai 2018 tetemeko la ardhi lilipoitikisa Lombok, mawe na udongo vilifunga njia za Rinjani, na mamia ya wapandaji wakanasa huko juu pamoja na waongozaji na wapagazi wao. Mlima haukumbagua aliyelipa na aliyelipwa. Mwenye fungu katika hatari hana budi kuwa na fungu katika pato. Sokoni nako hesabu ni hiyo hiyo: fedha ya mgeni anunuaye samaki na ndizi kwa mama muuzaji hulala kijijini, bali ile ya chakula kilichoagizwa kutoka mbali huondoka na meli iliyokileta.

Tanzania, yenye Kilimanjaro na wapagazi wake, yenye Unguja na kima punju wake, haina sababu ya kulitazama jambo hili kama habari za ng'ambo. Ofisa achoraye mpango wa hifadhi hana budi kuketi na wanakijiji kabla ya kuweka sahihi, si baada ya mgomo. Naye mwalimu ana wajibu wa kumfundisha mtoto wa kijiji lugha, hesabu na elimu ya viumbe, ili kesho awe nahodha wa mashua na msimamizi wa hifadhi, asibaki kuwa mbeba mizigo tu. Hapo ndipo mgeni atakapokuja, na mwenyeji akapona kweli.