Hataza isizidi kile mvumbuzi alichotufundisha

Umoja wa Afrika ulijiwekea mwaka 2021 lengo kwamba, ifikapo 2040, asilimia 60 ya chanjo zinazohitajika barani ziwe zinatengenezwa barani humu. Tangu hapo tumesikia mengi: nani atajenga kiwanda, nani atatoa mtaji, nani atanunua. Swali moja halisikiki, nalo ndilo ninalolileta kwa wasomaji leo. Nani anakaa mezani kusoma, neno kwa neno, maombi ya hataza yanayohusu vifaa vya kazi hiyo kabla hayajapigwa muhuri?

Mimi ni mwalimu wa baiokemia, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kati ya kolamu za kioo na chupa za bafa. Ninazungumzia kitu kidogo ambacho wengi hawajawahi kukiona: chembechembe za polima ambazo minyororo yake imefungamanishwa, zinazotumika kutenganisha vitu vya kibiolojia. Insulini, kingamwili za kutibu saratani na chanjo kadhaa hupitia kwenye chembechembe za namna hiyo kabla ya kufika kwenye sindano. Anayezimiliki kwa hataza ameshika mlango ambao watengenezaji wengi wa dawa hizo lazima waupite.

Katika maabara yetu wanafunzi hutenganisha kimeng'enya cha papaini kutoka kwenye utomvu wa papai bichi. Wanachanja ganda asubuhi, wanakinga utomvu mweupe, wanauchanganya na maji na kuuchuja, kisha wanaishusha protini chini kwa amonium salfeti. Papaini inapatikana, lakini imejaa chumvi. Hapo ndipo tunapochukua Sephadex G-25, unga mweupe mkavu. Ukiuloweka usiku kucha unaumuka. Gramu moja hunywa maji kama mililita 2.5, na ile 25 ya kwenye jina inatokana na hapo. Unaumimina taratibu kwenye ukuta wa kolamu ili usinase viputo vya hewa. Ukiweka mchanganyiko juu yake, molekuli za papaini ni kubwa mno kupenya ndani ya chembe, kwa hiyo zinapita pembeni na kutangulia kutoka. Chumvi, kwa udogo wake, inaingia kila kitundu na kuchelewa humo. Mirija ya kwanza inakinga kimeng'enya, ya baadaye inakinga chumvi.

Unga huo una historia inayofaa kuelezwa, kwa kuwa inaonyesha hataza inayostahili ikoje. Dekstrani ni ute unaotengenezwa na bakteria aitwaye Leuconostoc mesenteroides anapokula sukari, na kwa viwanda vya sukari ulikuwa kero tupu. Katika mji wa Uppsala, Uswidi, miaka ya 1940, Anders Grönwall na Björn Ingelman waliugeuza kuwa kioevu cha kuziba pengo la plazima ya damu, na kampuni ya Pharmacia ikautengeneza. Baadaye minyororo ya dekstrani ikafungamanishwa kwa epiklorohidrini, na ute uliokuwa ukiyeyuka ukawa jeli inayovimba tu bila kuyeyuka. Mwaka 1959 Jerker Porath na Per Flodin walichapisha katika jarida la Nature namna ya kuitumia jeli hiyo kuondoa chumvi na kutenganisha molekuli kwa ukubwa wake, na mwaka huohuo Sephadex ikaingia sokoni. Hataza za Marekani zikafuata: ya 1961 ya Flodin na Porath kuhusu njia ya kutenganisha, na ya 1962 ya Flodin na Ingelman kuhusu bidhaa yenyewe na namna ya kuitengeneza.

Je, kutenganisha molekuli kwa ukubwa kulikuwa jambo jipya? La. Huko London, Grant Lathe na Colin Ruthven walikuwa wamekwisha kuchapisha mwaka 1956 kazi yao ya kupitisha vitu kwenye kolamu za wanga uliolowa maji. Lakini wanga ule ulikuwa dhaifu, maji yakipita kwa shida, na huwezi kuyapangia matundu yake ukubwa. Watu wa Uppsala walileta jeli ambayo mtengenezaji anaiamuru. Ukizidisha viungo kati ya minyororo, matundu yanabana. Ukivipunguza, yanapanuka, hadi kufikia G-200 ambayo gramu yake moja hunywa maji kama mililita 20. Tena waliandika. Hataza ya 1962 imeeleza viambato na vipimo kwa mifano ambayo mkemia akiifuata anapata jeli. Muda wake ulikwisha zamani, na leo ninaifundishia bila kumwomba mtu ruhusa. Mkataba kati ya mvumbuzi na umma ndio huo: tufundishe kikamilifu, nasi tukupe haki ya pekee kwa muda, ambao siku hizi ni miaka 20 tangu siku ya ombi.

Sasa nitazame upande wa pili. Mwanafunzi wangu wa zamani anajaribu kutengeneza chembechembe za kutenganishia protini kwa wanga wa muhogo. Alinijia na nakala ya ombi la kimataifa la hataza ambalo bado lingeweza kuingizwa nchini kwetu. Dai la kwanza lilikuwa sentensi moja ndefu. Kwa ufupi lilidai polisakaridi yoyote, iliyofungamanishwa kwa kiunganishi chochote chenye ncha mbili, yenye chembe za kipenyo cha kuanzia mikromita 1 hadi 1,000, inayofaa kutenganisha kitu cha kibiolojia. "Mwalimu," aliniambia, "hapa nimezibwa kila upande." Nikafungua kurasa za mifano. Yote ilitumia polisakaridi moja tu, agarosi, kiunganishi kimoja, na protini moja ya majaribio.

Tulilisoma dai lile pamoja jinsi mkaguzi anavyopaswa kulisoma. "Polisakaridi yoyote" inaibeba dekstrani. "Kiunganishi chochote chenye ncha mbili" kinaibeba epiklorohidrini. Kipenyo kile kinaingiza ndani chembechembe ambazo maabara zimezitumia tangu kabla mimi sijaanza kazi. Kwa maneno mengine, dai hilo lilivyoandikwa linainasa Sephadex ya 1959, na kitu kilichokuwa sokoni mwaka 1959 hakiwezi kuwa kipya leo. Mkaguzi mwenye kemia kichwani angeliona hilo asubuhi moja. Mkaguzi asiye nayo angeona maneno mazito na ada iliyolipwa.

Mwombaji akikataliwa hapo, mara nyingi hurudi na hila ngumu zaidi: anabuni kipimo chake mwenyewe. Anasema jeli yake ina "kielezo cha unyumbufu" kati ya 0.3 na 0.7, kielezo ambacho hakuna mtu mwingine amewahi kukipima. Vitabu vya zamani havikitaji, kwa hiyo kitu kinaonekana kipya, ingawa huenda ni jeli ileile iliyovikwa namba. Dawa yake inajulikana. Mkaguzi amwambie mwombaji apime kwa kielezo hicho jeli za zamani, aonyeshe kwamba ziko nje ya mipaka yake, au aeleze bidhaa yake kwa vipimo vinavyojulikana: maji inayonywa, ukubwa wa molekuli inazozizuia, kasi ya maji inayostahimili. Mzigo wa kuonyesha tofauti ni wa anayedai tofauti. Lakini ili kuuliza hivyo, sharti ujue hivyo vipimo ni nini.

Kinachobaki ni swali la upana, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Tuseme agarosi ile ya kwenye mifano ni mpya kweli. Basi mwombaji apewe agarosi yake, kwa kiunganishi chake, na majirani wa karibu ambao mkemia yeyote angewafikia kwa kufuata maelezo yake. Wanga wa muhogo hakuugusa. Muhogo una tabia zake. Chembe zake huvimba na kupasuka kwenye joto ambalo agarosi bado haijayeyuka, na kuufungamanisha kunataka majaribio yake wenyewe. Aliyefyeka ekari moja hapewi hati ya bonde zima.

Wanaosema huu ni ukali wa nchi maskini dhidi ya wavumbuzi watazame Marekani kwenyewe. Mwaka 1928 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kesi ya Holland Furniture dhidi ya Perkins Glue, na kesi hiyo ilihusu muhogo. Perkins alikuwa amepata gundi nzuri ya mbao kutokana na wanga, hasa wa muhogo, kwa kuupunguzia uwezo wa kunywa maji. Angeishia hapo asingekuwa na tatizo. Lakini madai yake yalikwenda mbali zaidi, yakataka gundi yoyote ya wanga inayofanya kazi kama gundi ya wanyama, bila kujali imetengenezwaje. Mahakama ikakataa: aliyepata njia moja ya kufikia matokeo hawezi kujimilikisha matokeo yenyewe na kuwafungia wanaoyafikia kwa njia nyingine. Mwezi Mei 2023 mahakama hiyohiyo, majaji wote wakiwa kauli moja, iliirejea kesi hiyo ya gundi katika shauri la Amgen dhidi ya Sanofi kuhusu kingamwili za kushusha kolesteroli. Msimamo haukubadilika: anayedai kingi afundishe kingi. Taifa lenye kampuni kubwa za dawa limeshikilia kanuni hiyo kwa karibu miaka mia. Sioni sababu ya sisi kuilegeza.

Nyumbani tuna nyenzo tusizozitumia ipasavyo. Kenya ina sheria yake ya mali ya viwandani ya mwaka 2001 inayotoa nafasi ya uchunguzi wa undani. Tanzania Bara ina Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, inayosimamiwa na wakala wa usajili, BRELA. Nchi zote mbili, pamoja na Uganda na Rwanda, zimo katika ARIPO, shirika la kikanda la mali bunifu lenye makao Harare, ambalo kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 hupokea ombi moja na kulikagua kwa niaba ya nchi zilizotajwa humo. Na itifaki hiyo imeacha mlango muhimu. Nchi iliyotajwa ikishapewa taarifa, ina miezi sita ya kuandika na kusema, kwa sababu zinazotambuliwa na itifaki, kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu ndani ya mipaka yake. Miezi ikipita kimya, ukimya unahesabika kuwa ridhaa. Kwa hiyo kila ombi la jeli, utando au resini linalofika mezani kwetu na kukosa msomaji ni uamuzi tuliofanyiwa sisi, kwa mkono wetu wenyewe.

Najua hoja inayoletwa: ukaguzi wa kina unachelewesha, unahitaji fedha, na makosa yatarekebishwa mahakamani. Afrika Kusini kwa muda mrefu ilitoa hataza kwa kukagua makaratasi tu, ikiwaachia mahakimu yaliyobaki. Lakini nani anayekwenda mahakamani? Kijana wa wanga wa muhogo hana wakili wa kubishana miaka mingi na kampuni ya kimataifa. Akisoma dai pana anaacha. Hakuna kesi itakayofunguliwa, hakuna gazeti litakaloandika, na chembechembe zake hazitaingia kwenye kolamu ya mtu yeyote. Mshahara wa mkaguzi unaonekana kwenye bajeti. Hasara ya kazi iliyokufa kwa hofu haionekani popote, na kwa sababu hiyo tunaidharau.

Ninachoomba kinawezekana. Ofisi za hataza ziajiri wakemia na wanabiolojia, si wanasheria peke yao, na ziwape muda wa kusoma mifano kabla ya madai. Kila nchi iwe na jopo dogo la walimu na wataalamu wa maabara wanaoitwa kila linapokuja ombi la fani yao, wakalisoma ndani ya ile miezi sita. Maombi yatangazwe mahali ambapo mwalimu wa Mwanza au Kisumu anaweza kuyaona na kuandika kwamba jambo hili linajulikana, na kwamba ushahidi ni huu. Wengi wetu tutafanya kazi hiyo tukiombwa, kwa sababu hizi ndizo kolamu tunazofundishia na kutafutia riziki.

Wabunge wanapokaa kupitisha bajeti ya viwanda na afya, wamuulize waziri husika mambo mawili. Mkemia anayesoma maombi haya yuko wapi? Na mara ya mwisho nchi yetu kuitumia ile miezi sita ilikuwa lini? Majibu yatolewe bungeni, kwa tarehe, kabla ya kuwekwa jiwe la msingi la kiwanda kingine cha chanjo.