Picha ya mtoto iliyouza uji, kisha ikauza vidonge

Saa tano usiku, mume amelala, mtoto amelala, na jirani wa upande wa pili ameshazima redio. Ni muda huo ambao mama mmoja mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, hukaa kwenye kochi na simu yake kujibu wateja wa unga wa lishe. Mchana hawezi. Mchana kuna kukaanga, kupeleka mashineni, kufunga mifuko, kumpigia bodaboda anayesema yuko hapo karibu kumbe bado yuko Buguruni, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayetaka kila kilichopo mkononi mwa mama yake, simu ikiwa ya kwanza.

Usiku huo meseji iliyoingia haikuwa ya oda. Mteja wake wa zamani alimtumia picha ya skrini na maneno machache: "Dada, huyu si mtoto wako?"

Alikuwa mtoto wake. Miezi tisa, kitambaa cha kijani shingoni, uji kidevuni, mashavu yamejaa, anacheka. Picha aliipiga mwenyewe jikoni kwake. Lakini juu yake kulikuwa na maandishi mekundu ya mtu asiyemfahamu: vidonge vya kuongeza uzito kwa watoto wasiopenda kula, matokeo ndani ya siku saba, bei njoo inboksi.

Biashara yake ilianza bila mpango. Mtoto alipofikisha miezi sita na kuanza kula, alimtengenezea unga mwenyewe. Wifi yake akaomba kilo mbili. Mwenzake wa jumuiya akaomba. Mwisho akaona bora aweke WhatsApp. Hakuwa na fedha ya kupanga fremu wala ya kumlipa mtu wa matangazo. Alikuwa na simu na bando la wiki.

Wiki za mwanzo alikuwa anaweka picha kwenye statasi asubuhi na jioni, halafu anashangaa mbona wanaoona ni walewale ndugu na majirani. Sababu ni ndogo, na wauzaji wengi wa mtandaoni wamepoteza muda kwa kutoijua: statasi huonwa na mtu uliyehifadhi namba yake, naye akawa amehifadhi yako. Mteja aliyeelekezwa na rafiki, akanunua mara moja na kuondoka bila kuhifadhi namba, hakuoni tena. Hata ujumbe wa kutumia watu wengi kwa mara moja haumfikii. Alipolijua hilo, akaanza kubandika karatasi kwenye kila mfuko: "Hifadhi namba hii uone mzigo mpya." Akahamia WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka mwaka 2018, ambako bidhaa hupangwa na bei zake kama kwenye rafu ya duka. Kilo Sh5,000, imeandikwa, haina maelezo. Huo mtindo wa "bei njoo inboksi" ambao umeenea kama mafua yeye hakuutaka tangu mwanzo, kwa kuwa mzazi anayeulizia unga saa sita usiku huku mtoto analia hana nguvu ya kubembelezana.

Kisha akafungua akaunti Instagram, na huko ndiko ilikotoka ile picha ya mashavu.

Picha za mifuko zilipata mioyo michache. Picha za ulezi na soya ndani ya ungo zilipata michache zaidi. Picha ya mtoto akila uji ilisambaa siku moja hadi watu wa Mwanza na Mbeya wakauliza kama anatuma kwa basi. Kwa wiki kadhaa oda zilikuja kwa maneno yaleyale: "Nataka ule wa yule mtoto." Mume, ambaye awali aliuita mradi ule "mambo yenu ya simu", aliirusha picha mwenyewe kwenye kundi la kazini kwake.

Kwa nini mashavu yauze kuliko kitu kingine chochote, anayejua vizuri ni mzazi aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki akisubiri mwanawe apimwe. Mtoto anawekwa kwenye mzani, muuguzi anaandika namba, na mama anachungulia kadi kuona mstari umepanda au umelala. Ukilala, hata kidogo, nyumbani kila mtu ana neno lake. Bibi anauliza kama maziwa yanatosha. Jirani anamtaja mwanawe ambaye kwa umri huo alikuwa habebeki. Mzazi huyo akifika usiku, akashika simu, mashavu ya mtoto wa mwenzake ni tangazo asiloweza kulipita.

Lakini mashavu hayathibitishi unga. Mtoto yule wa Tabata alikuwa ananyonya vizuri, hakuwa ameugua kuhara wala malaria, na kwa maelezo ya bibi yake aliyeko Moshi, mashavu yale ni ya babu. Uji ulichangia sehemu yake. Kiasi gani, hakuna picha inayoweza kusema.

Ndiyo maana picha ileile iliweza kuuza vidonge bila kubadilishwa kitu.

Mama huyo alikuwa ameandika jina la biashara na namba yake kwenye kona ya picha. Aliyeiiba alikata kona, basi. Alipoandika chini ya tangazo kwamba huyo ni mwanawe na hajawahi kumeza kidonge cha aina hiyo, maneno yalifutwa na yeye akafungiwa asione tena akaunti hiyo. Akamwomba wifi yake aingie kwa simu yake. Wifi akakuta watu wanaulizia bei, wengine wakitaja umri wa watoto wao: miezi saba, miezi kumi, mwaka na miezi miwili.

Siku mbili baadaye alipigiwa simu na mwanamke wa Mbagala aliyekuwa mteja wake wa unga. Alikuwa ameagiza vile vidonge. Alidhani ni yeye ameongeza bidhaa, kwa sababu mtoto ni yuleyule. Amempa mwanawe siku nne, uso umeanza kujaa, na alipiga simu kushukuru.

Mama wa Tabata alishindwa kujibu mara moja. Alichosema baadaye ni kumwomba achukue vidonge na mfuko wake, ampeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, asiseme atasubiri Jumatatu.

Vidonge vya kunenepesha vinavyozunguka mitaani na mitandaoni mara nyingi havina kibandiko cha maana, kwa hiyo mnunuzi hajui anameza nini. Miongoni mwa dawa zinazotumiwa vibaya kwa kazi hiyo katika nchi mbalimbali za Afrika ni deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na kuleta usingizi. Zote zina kazi yake hospitalini, kwa kipimo na kwa muda anaoupanga daktari. Steroidi ikitumiwa ovyo huufanya uso uvimbe na kuwa wa mviringo, na mzazi akaona mtoto amenenepa. Wakati huohuo inaweza kupandisha shinikizo la damu na sukari, kupunguza uwezo wa mwili kupambana na maambukizi na, kwa mtoto, kudumaza ukuaji. Tena mtoto akiwa ameitumia kwa muda, kuiacha ghafla nako kuna hatari, na hiyo ndiyo sababu ya kumpeleka kwa mtaalamu na vidonge mkononi badala ya kuvitupa chooni kwa hasira. Tangazo la namna hiyo huripotiwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Mtoto wa Mbagala alionwa, vidonge vikazuiwa, na akapangiwa kurudi kuangaliwa. Mama yake bado hanunui tena unga Tabata. Haijulikani kama ni hasira au aibu.

Kuhusu picha, Instagram ina fomu ambayo mzazi anaweza kujaza kuomba picha ya mtoto wake aliye chini ya miaka 13 iondolewe. Inahitaji kiungo cha tangazo lenyewe, si picha ya skrini peke yake, kwa hiyo ni vizuri kukinakili kabla ya kugombana na mwenye akaunti na kufungiwa. Tangazo liliondolewa. Baada ya muda likarudi kwenye akaunti nyingine, kwa maandishi ya bluu. Tanzania pia ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 2023, na tume inayopokea malalamiko. Hata hivyo anayelalamika anatakiwa kuwa na ushahidi, na ushahidi wa mtandaoni hufutwa kwa kidole kimoja.

Si haki kumlaumu mama kana kwamba yeye ndiye aliyeiba. Aliweka picha ya mwanawe akila uji, jambo ambalo nusu ya wazazi wenye simu wamelifanya bila hata kuuza kitu. Ila kuna tofauti kati ya picha iliyotumwa kwa shangazi na picha iliyotengenezwa ili isambae. Tangazo kazi yake ni kusafiri, na likishasafiri halimuulizi mwenye mtoto liishie wapi. Mtoto wa miezi tisa hakuulizwa pia.

Kwa wanaouza vyakula vya watoto kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana kwenye makundi ya wajasiriamali. Tangu mwaka 1981 kuna kanuni ya kimataifa, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, inayozuia kutangaza maziwa ya kopo kwa umma na kuweka picha za watoto wachanga kwenye makopo hayo. Mwaka 2016 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ukagusa na vyakula vya watoto wadogo: tangazo lisidokeze kuwa chakula kinafaa kabla ya miezi sita, na lisifanye unyonyeshaji uonekane hautoshi. Muuzaji anayeandika "unafaa kuanzia miezi mitatu" ili kupata wateja wengi anacheza na tumbo la mtoto wa mtu.

Wiki mbili baada ya tukio lile mama wa Tabata alifuta picha zote za mwanawe. Oda zikashuka. Mume, aliyekuwa ameanza kuzihesabu kwenye ada ya mtoto mkubwa, akauliza kama ni lazima zifutwe zote, hata zile za kisogoni.

"Zote," alimjibu. "Kama unataka mashavu, tuweke yako."

Kilichomrudisha sokoni hakukipanga. Siku moja, akiwa amechoka, aliegesha simu juu ya ndoo na kujirekodi akichambua karanga. Dakika moja na nusu, mikono tu, hakuna muziki. Anatoa zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye rangi ya kijivu, anazirusha pembeni na kueleza kwa sauti ya kawaida: hizi zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani. Wazazi waliitazama video ile mpaka mwisho. Wakauliza soya anaifanyaje. Akaweka nyingine akionyesha anavyoichemsha na kuikausha kabla ya kusaga, kwa kuwa soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini. Mteja mmoja akauliza kwa nini unga wake una vitu vinne tu wakati wengine wanaweka tisa. Akajibu kwamba mtoto akitokwa vipele baada ya kula vitu tisa, hakuna atakayejua kimoja kilichomdhuru ni kipi. Jibu hilo lilipata mioyo mingi kuliko mashavu yalivyopata siku ya kwanza.

Karanga amezitoa kabisa siku hizi. Anauza zikiwa zimesagwa pembeni, kwa mfuko mdogo, kwa sababu unga wenye karanga huchacha haraka na wateja wa mikoani walikuwa wanalalamika. Sasa anafuatilia usajili TBS, ambako usimamizi wa vyakula ulihamia mwaka 2019, akianzia SIDO kama wajasiriamali wadogo wengi. Ameambiwa jiko analotumia kupikia familia haliwezi kuwa ndilo la kiwanda. Hapo ndipo palipokwama, kwa kuwa nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya banda uani.

Bado anajibu wateja saa tano usiku. Amejaribu kuweka mwisho saa tatu, akapoteza oda mbili wiki ya kwanza, akarudi saa tano. Amejifunza kutofungua mzigo hadi fedha ionekane kwenye salio lenyewe, maana meseji za malipo ya uongo zimemtoa kilo sita kwa mwezi mmoja.

Juzi iliingia meseji kutoka kwa mteja wa Mbeya aliyepotea muda mrefu. Alitaka kilo tatu. Halafu akaongeza: "Na kale katoto ka uji kako wapi siku hizi? Mbona hukaweki?"

Aliangalia chumbani. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi, mguu mmoja nje ya neti. Akaandika, "Kamelala," kisha akatuma bei ya nauli ya basi.