Miksa ya kilabu: tusihesabu matundu

Nimekuwa kimya karibu wiki tatu, na safari hii sababu si uvivu. Kuna kilabu kimoja cha muziki hapa Ng'ambo, jina nalihifadhi kwa sababu mjadala wao haujamalizika, kimechangishana na kutia kando fedha za harusi kadhaa ili kinunue miksa mpya. Wanataka chombo kimoja kifanye kazi mbili: kipige muziki ukumbini, na papo hapo kirekodi kwenye kompyuta. Kwa kuwa mimi ni mwandishi na niliwahi kukaa kidogo studio za redio, wakaniita niwape ushauri. Nikaenda, nikatoa, wakanywa chai yao, na sehemu kubwa ya ushauri wangu ikabaki mezani pamoja na vikombe. Sasa nauleta hapa.

Mshika fedha wao, mzee ninayemheshimu sana, alinionyesha picha kwenye simu. "Tazama mwanangu, chaneli kumi na sita. Na ina USB." Akalitamka hilo neno USB kama mtu anayetaja hirizi. Wenzake wote wakaitikia kwa vichwa. Kwao mambo yalikuwa yamekwisha: matundu mengi, taa nyingi, USB ipo, bei wanaiweza.

Jamani, hapo ndipo tunapoibiwa bila ya mwizi.

Tuanze na hizo chaneli kumi na sita. Chukueni mfano wa Yamaha MG16XU, ambayo ni miksa nzuri na siisemi vibaya. Imeandikwa 16, lakini maikrofoni unazoweza kuchomeka ni 10. Mdogo wake, MG10XU, ameandikwa 10 na anapokea maikrofoni 4 tu. Matundu yaliyobaki ni ya kinanda, simu, CD na vitu vya namna hiyo, mengine yamehesabiwa mawili mawili, kushoto na kulia. Sasa hesabu taarabu ya kukaa: mwimbaji, waitikiaji, kanuni, udi, fidla (mbili zikigawana maiki moja), nai, akordioni, sello, besi, dumbak, rika. Umeshafika kumi na moja na bado hujaweka akiba. Kidumbak ni nafuu: mwimbaji, fidla, sanduku, vidumbak viwili, cherewa na mkwasa. Maikrofoni sita au saba unamaliza.

Lakini hilo la matundu ni dogo. Kubwa ni USB, na hapa nitawaeleza kisa changu mwenyewe, ambacho sijapata kukiandika.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafuatilia wapigaji wa kidumbak wa zamani. Mmoja wao alikuwa mzee wa fidla, mtu mpole, anayepiga huku kafumba macho. Nikapata ruhusa ya kumrekodi kwenye shughuli moja ya uani, nyumba ya watu, si ukumbi. Fundi mitambo alikuwa na miksa yenye USB. Nikachomeka laptopu yangu, nikabonyeza rekodi, nikaangalia mistari ya kijani inacheza, nikafurahi nafsi yangu. Saa tatu nzima nilikuwa nakula pilau na kupiga picha, moyo umetulia kwamba kila kitu kinaingia.

Mzee alifariki mwaka uliofuata, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mjukuu wake wa kike akaniuliza kama nina sauti ya babu. Nikamwambia ninayo, tena safi! Nikampelekea nyumbani. Tukakaa barazani tukasikiliza dakika kumi, kumi na tano. Mwimbaji yupo, tena karibu utadhani amekaa mapajani mwako. Cherewa zipo. Yule binti akasubiri, akasubiri, halafu akaniuliza: "Babu yuko wapi humu?"

Hakuwemo. Fidla yake ilikuwa inasikika kwa mbali sana, nyuma ya sauti ya mwimbaji, kama redio ya jirani.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea, na nilipoelewa sikumlaumu fundi hata kidogo. Fundi alifanya kazi yake sawasawa. Uani pale fidla ilikuwa inasikika yenyewe bila ya msaada, na sanduku ndiyo usiseme. Kilichohitaji spika ni koo la mwimbaji. Kwa hiyo fundi akapandisha mwimbaji na kushusha fidla mpaka karibu na chini kabisa. Watu waliokuwepo walisikia muziki uliokaa vizuri, kwa sababu masikio yao yalipokea vitu viwili kwa pamoja: kinachotoka kwenye spika na kinachotoka kwenye vyombo vyenyewe. Laptopu yangu haikuwepo uani. Ilikuwa ndani ya waya, na ndani ya waya mlikuwa na kile cha spika peke yake.

Miksa nyingi za USB hufanya hivyo. Zinapeleka kwenye kompyuta njia mbili tu, kushoto na kulia, za ule mchanganyiko wa mwisho. Ukishachanganya umechanganya. Huwezi kesho yake kuiambia kompyuta nipandishie fidla, kama usivyoweza kutoa chumvi kwenye mchuzi. Na kadiri fundi anavyokuwa hodari wa kuhudumia ukumbi mdogo, ndivyo rekodi yako inavyozidi kuwa mbaya. Hili watu hawaliamini mpaka liwafike.

Kuna miksa za aina ya pili. Hizi hupeleka kila chaneli peke yake, na huichukua sauti kabla haijafika kwenye kile kidude cha kusukuma juu na chini ambacho mafundi hukiita feda (feda, si fedha, ingawa zote mbili hushuka). Fundi ashushe fidla atakavyo, kwenye kompyuta fidla inaingia kamili, ina faili lake. Ukumbi unapata muziki wake leo, na wewe unakaa nyumbani na kuchanganya upya kwa utulivu. Soundcraft Signature 12 MTK inapeleka njia 14 kwenye kompyuta, na ile kubwa yake, 22 MTK, inapeleka 24. Behringer XR18 inapeleka 18 na ina maikrofoni 16. Zoom LiveTrak L-12 na Tascam Model 12 zinarekodi hata bila ya kompyuta, zinaandika kwenye kadi ya SD, ingawa zote mbili zina maikrofoni nane. Kwa kidumbak zinatosha na chenji inabaki.

Niliposema haya kwenye mkutano, kijana mmoja pale akanijibu kwa hoja ambayo lazima niiheshimu. "Yakhe, mbona Siti alirekodi bila ya yote hayo?" Kweli. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay wakarekodi sahani kwa nembo ya HMV, na mpaka leo tunazisikiliza. Hakukuwa na njia kumi na nne. Lakini katika zama zile uwiano wa sauti ulipatikana kwa kuwapanga watu chumbani: mwenye chombo cha sauti ndogo anasogezwa karibu, mwenye kishindo anarudishwa nyuma. Kile kifaa kilikuwa kinasikiliza chumba kizima, kama sikio la mtu. USB ya miksa ya uani haisikilizi chumba. Ndiyo maana nawaambia wenye fedha chache, na nasema kwa dhati: kama hamuwezi miksa ya njia nyingi, nunueni miksa ya kawaida kwa ajili ya spika, kisha tafuteni kinasa sauti kidogo cha mkononi, mkisimamishe mbele ya kikundi kwa urefu wa mtu. Itakuwa rekodi bora kuliko ile ya USB ya njia mbili. Laiti ningefanya hivyo siku ile!

Sasa ubishi wa dijitali. Rafiki yangu mmoja ambaye ni fundi hasa anasema XR18 ndiyo jibu, haina haja ya mjadala. Ni ndogo, unaibeba kwenye mkoba, unaiendesha kwa tableti kupitia Wi-Fi ukiwa umekaa katikati ya watazamaji. Mimi naipenda ile mashine, lakini nina wasiwasi nayo kwa kilabu kama hiki. Haina vitufe vya kushika. Tableti ikiisha chaji, au Wi-Fi ikizidiwa kwa sababu watu mia mbili wamewasha simu zao, utakuwa umesimama na sanduku jeusi usiloweza kulifanya kitu. Na anayeshika mitambo pale kilabuni ni mzee wa miaka sitini na kitu ambaye mkono wake unajua njia gizani. Fikirini wakati wa kutunza: akina mama wamesimama, wanakwenda mbele na noti zao, wanacheza mbele ya mwimbaji, mmoja kagusa stendi, maiki imeanza kulia. Pale unahitaji kidole kinachofika mara moja. Jukwaa kubwa la tamasha Ngome Kongwe ni mambo mengine, kule kuna mafundi wa kutosha. Mimi nazungumzia mzee mmoja na meza ya mbao.

Tena kuna umeme. Sisi wa kisiwa hiki hatuhitaji kukumbushwa. Mwaka 2008 tulikaa karibu mwezi bila ya umeme, na kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tukakaa miezi mitatu, kwa sababu tulikuwa tunategemea waya mmoja kutoka Bara uliolazwa chini ya bahari tangu 1980. Waya mpya ulikuja 2013, mambo yakawa nafuu, lakini kukatika kwa dakika mbili tatu bado tunakujua. Miksa ya analogi umeme ukirudi nayo inarudi hapo hapo. Ya dijitali inaanza kuamka kama mtu aliyelala mchana, huku bibi harusi anangoja. Na rekodi iliyokuwa inaendelea inaweza kuharibika isifunguke tena. Kwa hiyo, miksa yoyote mtakayochukua, tieni na UPS ndogo kwenye bajeti. UPS ya miksa na kompyuta tu, msije mkachomeka maspika humo.

Kuhusu chumvi nitasema kidogo. Hewa yetu inakula kila kitu, na feda za miksa huanza kukwaruza baada ya misimu michache. Kitambaa cha kufunikia ni bei ya kanga kuukuu. Kabla ya kununua, muulizeni fundi wa mtaani kama anaweza kuifungua chapa hiyo na kama vipuri anavipata. Na kama mtu anawaletea kutoka Marekani, angalieni nyuma imeandikwa volti ngapi; kule wanatumia 120, sisi 230. Kinacholetwa kutoka Dubai au Oman mara nyingi hakina shida hiyo, hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu.

Wale wa kompyuta msiniulize mbona sikutaja kompyuta. Nataja. Njia moja ya sauti kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48 inakula kiasi cha megabaiti 520 kwa saa. Njia kumi na mbili ni gigabaiti 6 na kidogo kwa saa, kwa hiyo shughuli ya saa tatu inakaribia 19. Laptopu ya kilabu niliyoiona ilikuwa imejaa picha za safari ya Pemba na filamu za Kihindi. Nunueni diski ya nje. Nunueni mbili, moja ikae kwa katibu.

Kilichonikera mkutanoni si ubishi, ubishi ni afya. Kilichonikera ni mtu mmoja aliyesema, "Kurekodi ni ziada tu, sisi tunataka kelele." Nikamtazama. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, na ni nani kati yetu anayeweza kusikia leo ilivyokuwa inapiga miaka yake ya mwanzo? Katika kilabu hiki chenyewe mpigaji wa kanuni ana umri wa baba yangu na hana mwanafunzi. Kanuni ni chombo chenye sauti ndogo, na kwenye miksa ya kila siku hupandishwa au hushushwa kulingana na ukumbi, si kulingana na uzuri wake. Akirekodiwa kwa njia yake peke yake, mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kuzima vyombo vingine vyote, akamsikiliza yeye tu, akarudia, akajifunza. Akirekodiwa kwa njia mbili za USB, itakuwa kama yule babu wa fidla.

Basi, baada ya chai ya pili tulikubaliana jambo moja. Jumamosi tunakwenda Mlandege mimi, mshika fedha na yule mzee wa mitambo. Kabla ya kulipa, nitachomeka laptopu yangu kwenye hiyo miksa pale pale dukani, nifungue programu ya kurekodi, na tuhesabu pamoja zinaonekana njia ngapi za kuingilia. Nimeshapakua dereva za Windows usiku, maana bila ya hizo baadhi ya miksa huonekana na njia pungufu, halafu muuzaji anatuona wajinga. Tukiona mbili, tunarudi kilabuni na fedha zetu mfukoni. Mshika fedha amecheka, akasema, "Haya mwanangu, lakini nauli ya daladala juu yako."

Mwenye kujua inakopatikana 12 MTK au ndugu zake hapa Unguja, mpya au ya mkono wa pili lakini feda zake ziwe hazijaliwa na chumvi, aniandikie kabla ya Ijumaa usiku.