Manowari za Sultani na Deni Lake

Katika darsa za vijana swali moja halikosekani: Dola ya Uthmaniya, yenye ukubwa ule, ilidhoofika vipi? Majibu mepesi nayo hayakosekani: usaliti, anasa, njama za Wazungu. Kila jibu lina chembe ya ukweli. Leo natamani tuingie katika swali hilo kwa mlango mwembamba zaidi, nao ni mlango wa bandari.

Tarehe 20 Oktoba 1827, katika ghuba ya Navarino huko Ugiriki, zana za Uingereza, Ufaransa na Urusi ziliteketeza kwa alasiri moja merikebu za Sultani na za Misri zilizotia nanga pamoja. Vita vile ndivyo vita vikubwa vya mwisho kupiganwa na merikebu za matanga peke yake. Mwaka uliofuata Istanbul ikanunua meli yake ya kwanza ya moshi. Ikumbukwe basi kwamba Waislamu wale hawakuichukia mashine wala hawakuiona kuwa bidaa, kama wasemavyo baadhi ya waandishi. Waliitaka, na waliitaka mapema.

Funzo la pili lilikuwa chungu zaidi. Tarehe 30 Novemba 1853 Admeri Nakhimov wa Urusi alilivamia kundi la meli za Osman Pasha katika bandari ya Sinop, pwani ya Bahari Nyeusi. Warusi hawakupiga tufe za chuma kitupu. Walitumia makombora ya kupasuka, na kombora la namna hiyo likiingia katika ubavu wa mbao huwasha meli nzima. Maelfu ya mabaharia waliangamia na Osman Pasha akatekwa. Ni meli moja tu iliyookoka, nayo ni Taif, meli ya moshi yenye magurudumu ya makasia ubavuni. Haikungoja upepo. Ilichochea makaa, ikapenya kati ya maadui, ikafikisha Istanbul habari za msiba.

Mataifa yote yenye bahari yalielewa maana ya Sinop: zama za mbao zimekwisha. Wafaransa walishusha majini La Gloire, manowari iliyovikwa chuma, mwaka 1859. Waingereza wakajibu kwa Warrior mwaka 1860. Tangu hapo meli iliyokuwa fahari ya taifa ilizeeka kabla rangi yake haijakauka vizuri, na mwenye kushindana alilazimika kununua upya kila baada ya miaka michache.

Ni katika zama hizo, mwaka 1861, Sultani Abdulaziz alipokalia kiti. Alizipenda manowari kwa mapenzi ya kweli. Aliagiza Uingereza manowari nne kubwa za chuma. Tatu zikajengwa Glasgow na moja London. Nyingine zikafuata. Mwaka 1867 alizuru Ulaya, akakaribishwa kutazama gwaride la manowari za Uingereza, na ndani ya meli ya kifalme Malkia Victoria akamvisha nishani ya Garter. Msomaji ajiulize mwenyewe: mwenye kiwanda anapomwonesha mteja wake bidaa zake, hukusudia nini?

Katika muongo uliofuata ilisemwa kuwa manowari zake ni za tatu duniani kwa wingi, nyuma ya Uingereza na Ufaransa pekee. Wala si kweli kwamba zote zilinunuliwa. Karakana ya Istanbul ilijenga yake pia, ikashushwa majini mwaka 1872 kwa jina la Mukaddeme-i Hayır, yaani utangulizi wa kheri. Lakini aliyepewa amri ya kundi kubwa la meli alikuwa Mwingereza, Hobart Pasha, na mafundi wengi wa mitambo nao walitoka kwao.

Fedha zilitoka wapi? Dola ilichukua mkopo wake wa kwanza wa nje mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea, ukafuatwa na mwingine, na mwingine wa kulipia iliyotangulia. Tusizionee manowari: kasri, reli na vita navyo vilikula sehemu yake. Ila riba haiulizi fedha ilinunua nini. Kufikia mwaka 1875 zaidi ya nusu ya mapato ya dola ilikwenda kwa wadai. Mwezi Oktoba serikali ikatangaza kwamba itawalipa nusu tu ya haki yao kwa fedha taslimu.

Sisi tunaoandika mihtasari ya vikao vya kamati za misikiti twaijua tabia hii kwa udogo wake. Ukitangaza mchango wa jenereta, wachangiaji wanajitokeza hata kabla ya swala ya Ijumaa kwisha. Ukitangaza mchango wa mafuta yake na ujira wa fundi, watu hutazama viatu vyao.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Mei 1876 mawaziri walimwondoa Abdulaziz madarakani. Askari walilizunguka Kasri la Dolmabahçe kwa upande wa nchi kavu. Kwa upande wa bahari, njia ilizibwa na manowari zake mwenyewe, zile alizozikopea. Siku chache baadaye alifariki.

Mwaka uliofuata Urusi ikaingia vitani. Katika Bahari Nyeusi Warusi hawakuwa na manowari za kulingana na za Istanbul. Wakatumia mashua ndogo za moshi zenye torpido, wakazamisha Seyfi katika mto Danube na, mnamo Januari 1878, Intibah huko Batum. Jeshi lao la nchi kavu halikuhitaji bahari. Lilitembea hadi San Stefano, nje kidogo ya Istanbul. Sultani Abdulhamid wa Pili aliyarithi madeni pamoja na manowari. Mwaka 1881 alikubali wadai wa kigeni wawe na idara yao ya kukusanya baadhi ya kodi za nchi, na manowari akaziacha zitie kutu katika Pembe ya Dhahabu. Wengine humlaumu kwa hilo. Mimi naona mwenye nyumba iliyowekwa rehani hana uchaguzi mpana.

Watu wa Unguja wana kumbukumbu yao ya jambo hili. Meli ya Glasgow, iliyojengwa Uskochi mwaka 1878 kwa ajili ya Sayyid Barghash, ilizamishwa mbele ya Forodhani na manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofika saa nzima.

Na Mesudiye, iliyo miongoni mwa kubwa kabisa alizoagiza Abdulaziz? Ilijengwa kando ya mto Thames, London, ikashushwa majini mwaka 1874. Ilikaa Pembe ya Dhahabu miaka mingi, ikapelekwa Genoa kufanyiwa ukarabati, ikarudi kulinda mlango wa Dardanelles. Tarehe 13 Desemba 1914 ilizamishwa hapo kwa torpido ya nyambizi B11. Nyambizi hiyo ilikuwa ya Uingereza.