Dagaa wa mihadarati wajaza jela, tiba ikisahaulika

SERA ya kitaifa kuhusu pombe na dawa za kulevya, ambayo serikali iliizindua Julai 2025, ilizua mjadala mkali kuhusu pendekezo moja: kupandisha umri wa kuruhusiwa kunywa pombe kutoka miaka 18 hadi 21. Kelele hizo zilifunika suala zito zaidi, nalo ni iwapo Kenya iko tayari kumtenganisha mlanguzi na mraibu.

Kwa miaka mingi, ufanisi wa vita hivi umepimwa kwa shehena zinazonaswa. Desemba 2004, zaidi ya tani moja ya kokeini iliyokadiriwa kuwa ya thamani ya Sh6.4 bilioni ilipatikana Malindi na Nairobi. Agosti 2014, meli iliyonaswa na zaidi ya kilo 300 za heroini ililipuliwa baharini, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Hata hivyo, heroini haikutoweka katika vichochoro vya Pwani.

Nao ndugu Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa Mombasa Novemba 2014, lakini kesi ya kuwapeleka Marekani ilijikokota hadi Januari 2017 waliposafirishwa. Mahakama ya New York iliwafunga miaka 25 na 23 mtawalia, baada ya wao kukiri mashtaka, yakiwemo ya kuwahonga maafisa wa Kenya ili kukwepa mkono wa sheria. Ni dhahiri kwamba adhabu kali haimtishi mwenye uwezo wa kuinunua haki.

Kijana anayepatikana na kete moja mtaani hana uwezo huo. Sheria ya mwaka 1994 iliiruhusu mahakama kuagiza mraibu atumikie sehemu ya kifungo chake katika kituo cha matibabu. Lakini agizo la hakimu halina maana iwapo kituo chenyewe hakipo, au ni cha kibinafsi na familia haimudu ada yake.

Si kwamba njia haijulikani. Tangu Desemba 2014, waraibu wa heroini wamekuwa wakipewa methadoni katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na baadaye mpango huo ukafikishwa Pwani. Dawa hiyo hutuliza kiu ya heroini na kumwezesha mgonjwa kurejelea kazi na familia. Kasoro ni kwamba huduma hizo zimetegemea mno ufadhili wa kigeni, na mfadhili akijiondoa, mgonjwa hurudi kwa muuzaji wa kete.

Utafiti wa Nacada wa mwaka 2022 ulibainisha kuwa Mkenya mmoja kati ya kila sita, wa umri wa miaka 15 hadi 65, hutumia angalau aina moja ya kileo, tumbaku ikiwemo. Umma huo hauwezi kufungwa jela. Sera mpya itapimwa kwa mambo mawili: idadi ya papa watakaohukumiwa humu nchini, na fedha ambazo Hazina ya Kitaifa na kaunti zitatengea matibabu. Bila hayo, itabaki maandishi kabatini.